Karoti Kwenye Tuta la Nyumbani

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunaingia bustanini. Swali ni hili: kwa nini karoti nyingine zinatoka na miguu miwili, mitatu, mpaka mnunuzi anazikataa?

Jibu liko chini ya udongo. Karoti inashuka kutafuta maji. Ikigonga jiwe, bonge gumu au samadi mbichi, inagawanyika. Basi lima kina cha sentimita 30, kama rula ya mwanafunzi. Toa mawe, vunja mabonge. Samadi iwe imeoza kabisa, nyeusi, isiyonuka.

Najua mama mmoja anasema: mwanangu, shamba nitalitoa wapi? Kweli. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu elfu 10 na kidogo, leo tumepita elfu 50. Lakini tuta la mita 1 kwa mita 3 linatosha. Mistari minne, karoti moja kila sentimita 5, unapata kama 240. Hata theluthi moja ikifa, watoto wamekula na kuna za kuuza. Asiye na tuta ajaze udongo laini kwenye gunia.

Karoti inapenda baridi. Kwetu hapa, mwezi wa 4 hadi wa 7 ni wakati mzuri. Mvua kubwa inafukua mbegu, maana ni ndogo mno. Changanya mbegu na mchanga mkavu, mwaga kwenye mfereji wa sentimita 1, funika kidogo tu. Usioteshe kitaluni ukahamisha. Mzizi ukikatika ncha, karoti imeharibika.

Sasa maji, na hapa ndipo pagumu. Mbegu inakaa siku 7 hadi 21 kabla ya kuchipua, na siku hizo zote udongo usikauke juu. Kwa foleni zetu za bomba, funika tuta kwa majani makavu yatunze unyevu. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Miche ikitokeza, ondoa majani jioni, jua lisiichome.

Baada ya wiki tatu au nne, punguza. Watu wanaona huruma kung'oa mche mzima. Ng'oa! Ukiacha zimebanana utavuna vidole vya mtoto. Mabega ya karoti yakichungulia juani yafukie, yasigeuke kijani. Na usiache tuta likauke wiki nzima halafu ukalifurikisha, karoti zitapasuka.

Kuvuna ni kati ya miezi mitatu na minne. Chokonoa udongo shingoni; bega likifika sentimita 2 au zaidi, iko tayari. Mwagilia kwanza, legeza kwa jembe pembeni, ndipo uvute. Ng'oa za leo tu, nyingine ziache ardhini wiki mbili tatu, lakini zisizeeke zikawa ngumu kama kuni.

Ukishang'oa, kata majani siku hiyohiyo, yanaendelea kunyonya maji ya karoti. Za kuuza osha asubuhi ya soko. Za nyumbani pika na mafuta kidogo, ndivyo mwili unavyopata vizuri vitamini A. Majani wape sungura.

Wiki ijayo ni zamu ya vitunguu.

(Muziki.)