Kampala na mabasi ya umeme: kiwanda kipo, mwendeshaji bado

Wafanyabiashara wanaopitisha mizigo Malaba na Busia hawajasahau Januari 2022. Madereva wa malori waligoma mpakani kupinga vipimo vya lazima vya Korona na gharama zake, foleni ikarefuka upande wa Kenya, na baada ya siku chache vituo vya mafuta vya Kampala vikaanza kukauka. Katika baadhi ya maeneo ya Uganda lita moja ya petroli ilifika shilingi 10,000. Taksi zilipandisha nauli, bodaboda nao wakafuata, na mama wa Kikuubo aliyekuwa akirudi nyumbani na furushi lake alilipia mgogoro uliotokea zaidi ya kilomita 200 kutoka dukani kwake.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara na kung'olewa kwa reli kukazuia treni, Kampala ilionja dawa hiyo hiyo. Uganda haina bandari ya bahari. Mafuta yake mengi hushushwa Mombasa, hupita kwenye bomba hadi magharibi mwa Kenya, kisha hupakiwa kwenye malori. Tangu Julai 2024 shirika la taifa la mafuta, UNOC, ndilo linaloagiza shehena kwa ushirikiano na kampuni ya Vitol badala ya kupitia kwa wafanyabiashara wa Kenya, lakini njia yenyewe haijabadilika.

Kwa hiyo mazungumzo ya mabasi ya umeme mjini Kampala yasichukuliwe kuwa ni habari ya mazingira peke yake. Hewa chafu ipo, na mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukiipima tangu 2015, mara nyingine kwa vifaa vilivyofungwa kwenye bodaboda. Lakini kwa msafirishaji jambo kubwa ni kwamba dizeli inatoka mbali na umeme unatoka Jinja.

Umeme huo upo. Bwawa la Nalubaale, zamani Owen Falls, lilifunguliwa 1954. Bujagali lenye megawati 250 lilifuata 2012, Isimba megawati 183 mwaka 2019, na Karuma megawati 600 likazinduliwa rasmi Septemba 2024. Kwa jumla nchi ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,000, kuliko inavyotumia. Tatizo limekuwa kuufikisha umeme kwa mteja: nyaya, transfoma na kukatika kwa umeme mitaani. Kazi ya usambazaji ilihama kutoka kampuni ya Umeme, ambayo mkataba wake wa miaka 20 ulimalizika 31 Machi 2025, kwenda kwa shirika la serikali UEDCL. Mwenye nia ya kuweka karakana ya mabasi ya umeme aanze kwa kuuliza habari za transfoma ya mtaa wake kabla hajauliza bei ya basi.

Safari iliyoanzia darasani

Katika nchi nyingi ni shirika la usafiri la jiji linalotangaza kuachana na dizeli, kisha linatafuta wauzaji. Uganda imekwenda kinyume: basi limetangulia, shirika halipo.

Mwaka 2011 wanafunzi na wahadhiri wa Makerere, wakiongozwa na Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, walizindua gari dogo la umeme la viti viwili lililoitwa Kiira EV. Miaka mitatu baadaye likaja gari jingine, Kiira EV Smack. Februari 2016 Rais Yoweri Museveni alizindua Kayoola Solar Bus huko Kololo, basi la viti 35 lenye paneli za jua juu ya paa na uwezo wa kwenda kilomita 80 hivi. Wapo waliocheka wakisema ni basi la maonyesho, na kweli lilikuwa la maonyesho. Kilomita 80 hazitoshi kazi ya siku moja kwenye barabara ya Jinja. Lakini vijana waliolitengeneza walijifunza kazi.

Kiira Motors Corporation, kampuni ya serikali ambayo Makerere ina hisa asilimia 4 ndani yake, ilijiunga na kampuni ya CHTC ya China na kutoa Kayoola EVS. Hili ni basi la jiji la mita 12, la abiria 90 wa kukaa na kusimama, ambalo watengenezaji wanasema huenda kilomita 300 kwa chaji moja. Mabasi ya kwanza yaliunganishwa Nakasongola katika kiwanda cha jeshi cha Luweero Industries, wakati kiwanda chenyewe kikijengwa Jinja na National Enterprise Corporation, tawi la biashara la jeshi, kuanzia 2019. Mpango uliotangazwa ulikuwa magari 5,000 kwa mwaka. Hicho ni kipimo cha ukubwa wa jengo na mitambo. Wingi wa wanunuzi ni jambo lingine.

Nani ataendesha?

Kampala haina shirika la mabasi la umma. Uganda Transport Company, UTC, iliyohudumia jiji tangu enzi za ukoloni, ilidhoofika miaka ya 1970 na 1980, na pengo lake likajazwa na taksi za abiria 14. Mamlaka ya Jiji, KCCA, iliyoanza kazi 2011, inasimamia stendi na njia lakini haimiliki mabasi ya kubebea wananchi.

Jaribio kubwa la kurudisha mabasi makubwa lilikuwa Pioneer Easy Bus, Machi 2012, kwa mabasi 100. Abiria waliyapenda kwa nauli nafuu na viti vya kutosha. Mwishoni mwa 2013 Mamlaka ya Mapato iliyakamata kwa madeni ya kodi na jiji likarudi kwenye taksi kama zamani. Mabasi yale yalikuwa ya dizeli na injini zake hazikuwa na kosa. Kilichoiangusha biashara ni hesabu za fedha: mtaji mkubwa, nauli ndogo, njia zisizolindwa, foleni inayofanya basi lipige safari chache kwa siku. Basi la umeme litakuta matatizo hayo hayo yakilisubiri pale Old Taxi Park, na mtaji wake ni mkubwa zaidi.

Hesabu ya matumizi ndiyo inayolipa nguvu. Basi la mita 12 la dizeli mjini hunywa takriban lita 35 hadi 40 kwa kilomita 100. La umeme hula takriban uniti 1 hadi 1.5 kwa kilomita moja, kutegemea mzigo na milima, na Kampala milima haikosi, ingawa basi likiteremka mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Chukua kilomita 200 kwa siku: upande mmoja lita 70 au zaidi, upande mwingine uniti 240 hivi. Kila mmoja azidishe kwa bei anayolipa. Ongeza kwamba hakuna kubadilisha oili ya injini wala pampu ya dizeli ya kuharibika. Kisha toa riba ya benki, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama.

Kenya wamejaribu dawa ya riba. Kampuni ya BasiGo, iliyoanza na mabasi Nairobi mwaka 2022, ilimpa mwenye matatu nafasi ya kununua basi bila betri kwa bei ya chini, kisha kulipia betri, chaji na matengenezo kwa kila kilomita anayotembea. Mwishoni mwa 2023 iliingia Kigali. Mpango wa namna hiyo humfaa mwenye gari moja au mawili, na hao ndio wengi katika taksi za Kampala. Ukibaki kwenye ununuzi wa serikali peke yake, wenye taksi wataona basi la umeme kama mshindani aliyeletwa kuwafukuza, na upinzani wa steji si kitu cha kuchezea. Bodaboda za umeme zimeingia mjini kwa utulivu zaidi, sababu mojawapo ikiwa ni hiyo hiyo: dereva hubadilisha betri kituoni na kulipia matumizi, hakopi betri.

Ng'ambo ya mpaka

Kwa safari za mbali, kilomita 300 zinatosha kumfikisha abiria Malaba au Busia kutoka Kampala, si kwenda na kurudi bila kuchaji. Nairobi iko kilomita 650 hivi. Bila vituo vya kuchajia njiani, kampuni za mabasi ya kimataifa hazitagusa teknolojia hii kwa ukanda wa kaskazini, na hata vikijengwa kuna swali la plagi. Magari mengi ya China huja na plagi ya viwango vya China, yale ya Ulaya yana yake. Nchi za Jumuiya zikichagua tofauti, basi la Kampala litafika Eldoret likiwa na njaa mbele ya mtambo usiolingana nalo.

Lipo pia soko la basi lenyewe. Chini ya Umoja wa Forodha ulioanza 2005, bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya huvuka bila ushuru wa forodha endapo ina cheti cha asili ya bidhaa, na kwa gari ambalo betri na mota zake zinatoka nje, cheti hicho hutegemea kiasi cha kazi na thamani iliyoongezwa hapa. Thika na Mombasa nako mabasi ya umeme yameunganishwa. Anayetaka kuleta basi la Jinja Kisumu au Mwanza aombe kwanza kuona cheti hicho, kisha aulize vipuri vitatoka wapi siku kikiharibika kifaa ambacho fundi wa Kisenyi hajawahi kukiona.