Sindano mbili zatosha kushona mkoba wa kifahari

Na Mwandishi Wetu, Tanga

JULAI 2025, mkoba mmoja wa ngozi uliokwishatumika kwa miaka mingi uliuzwa mnadani jijini Paris, Ufaransa, kwa euro milioni 8.6. Ulikuwa mkoba wa kwanza wa aina ya Birkin, ambao kampuni ya Hermès ilimtengenezea mwigizaji na mwimbaji Jane Birkin katikati ya miaka ya 1980.

Bei hiyo ni ya jina na historia. Ufundi wenyewe si siri ya Paris. Ni ushonaji wa hatamu na matandiko ya farasi, kazi ambayo Hermès ilianza nayo mwaka 1837, na vifaa vyake vyote vinaweza kuenea juu ya mkeka barazani kwa mkazi wa Makorora, jijini Tanga.

Pwani hii haikuijua ngozi jana. Makubadhi yameshonwa kwa mkono tangu enzi za mababu, na magome ya mikoko yalisafirishwa kutoka hapa wakati wa utawala wa Wajerumani ili kusindika ngozi za Ulaya.

Tofauti kubwa iko kwenye mshono. Cherehani hutumia nyuzi mbili, mmoja juu na mwingine chini, zinazonasana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, mishono ya jirani hulegea na kufumuka. Mshono wa matandiko hutumia uzi mmoja wenye sindano kila ncha, na sindano zote mbili hupishana katika kila tundu. Ukikatika upande mmoja, upande wa pili bado unashika. Hapo ndipo ilipo thamani ya mkoba kwa mtu atakayeubeba kila siku.

Ngozi ndiyo gharama kubwa, hivyo mnunuzi asione haya kuigeuzageuza. Upande wa nyama hubaki na alama za kisu cha mchunaji, ambazo baadaye huwa mahali pa kupasukia. Upande wa nywele huonyesha makovu ya chapa za moto, kasoro ambayo imeshusha thamani ya ngozi za Tanzania kwa miaka mingi. Ngozi ya mgongo ni imara. Ya tumbo huvutika, na mkanda uliokatwa humo utarefuka. Unene wa milimita 1.5 hadi 2 unatosha kwa ng'ombe, wakati ya mbuzi, iliyo nyembamba, inafaa kwa bitana.

Aidha, mnunuzi adondoshe tone la maji juu yake. Ngozi iliyosindikwa kwa magome, kama ya miti ya miwati inayolimwa Njombe, hunywa maji na kuwa nyeusi pale pale. Iliyosindikwa kwa kemikali ya kromiamu kwa kawaida huchelewa kuyanywa. Zote zinafaa, ila ni ile ya magome tu ambayo kingo zake hung'aa kwa kusuguliwa.

Kiolezo hukatwa kwanza kwenye boksi gumu. Mkoba wa kuanzia una vipande vinne tu: mwili wa sentimita 26 kwa 62, unaokunjwa kuwa mbele, kitako, nyuma na kifuniko, mbavu mbili za sentimita 8 kwa 18, na mkanda. Pembe za chini za mbavu ziviringishwe kidogo, la sivyo ngozi hukataa kupinda. Ziada itakayobaki hukatwa mwishoni.

Vipande vikishikizwa kwa gundi ya viatu, mstari huchorwa milimita 4 kutoka ukingoni, na matundu hutobolewa kwa maharazi, ile sindano nene ya fundi viatu, kila baada ya milimita 4. Papara ikiingia hapa, itaonekana maisha yote ya mkoba. Uzi wa nailoni au kitani, uliopakwa nta ya nyuki, uwe mara nne ya urefu wa mshono. Ubavu mmoja unahitaji karibu mita 2. Tanga ni mji wa mkonge, lakini uzi wa mkonge haufai kwa kazi hii, kwani ni mkavu na hukwaruza matundu.

Sindano ya kwanza ipite, kisha ya pili ipite tundu hilo hilo kutoka upande wa pili bila kuutoboa uzi wa kwanza. Ncha zote huvutwa kwa nguvu sawa, na upande ulioanza uwe ule ule hadi mwisho, vinginevyo mishono hulala ovyo. Mwishoni mshonaji arudi nyuma matundu matatu, kisha akate. Kingo hupigwa msasa, huloweshwa kidogo na kusuguliwa kwa kitambaa kigumu hadi zing'ae.

Vishikizo na pete ziwe za shaba ya njano. Chuma hushika kutu haraka kwa upepo wa bahari, na kikikutana na unyevu na dawa ya magome huacha doa jeusi lisilotoka.

Kuna kishawishi cha kumalizia kazi kwa nembo ya kampuni maarufu. Hata hivyo, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza alama za uongo, na Tume ya Ushindani (FCC) imekuwa ikikamata na kuteketeza bidhaa bandia. Fundi aliyeshona kwa siku kadhaa anaweza kupoteza kazi yote kwa sababu ya kipande cha bati. Neno "Makorora" likigongwa ndani ya kifuniko halimvunjii mtu sheria.

Anayetaka kujifunza zaidi anaweza kuulizia mafunzo katika ofisi ya SIDO mkoani, au katika Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), inayofundisha teknolojia ya ngozi.

Mkoba ukikamilika, ujazwe magazeti makavu na kufunikwa kwa kitambaa cha pamba. Ukifungiwa kwenye plastiki wakati wa masika ya Tanga, utaota kuvu.