Hewa ya Milima ya Himalaya

Tazameni ramani ya Asia. Kati ya India na China mtaona milima iliyojipanga kama ukuta mrefu. Ndiyo milima ya Himalaya. Ule mkubwa wa yote Wazungu waliuita Everest. Watu wa Tibeti huuita Chomolungma, na wenyeji wa Nepali huuita Sagarmatha. Katika dunia nzima hakuna kilele kilicho juu kuliko hicho. Mwaka 2020 Nepali na China zilitangaza pamoja kimo chake: mita 8,849 juu ya usawa wa bahari.

Kufika kileleni ni kazi ya watu wachache. Lakini kila mwaka maelfu ya wageni huenda Nepali ili watembee kwa miguu mpaka chini ya mlima huo, mahali wapandaji wanapopiga hema zao. Wageni hao hawahitaji kamba wala shoka la barafu. Njia ipo, imekanyagwa vizuri. Madaraja yapo. Vijijini mna nyumba za kulala wageni, na jioni mtu hupata wali na dengu, tena moto wa kuota. Kutoka uwanja mdogo wa ndege wa Lukla mpaka kambi ile ni mwendo wa kilometa 60 na zaidi kidogo. Mtu mwenye miguu mizuri atasema: «Siku tatu zinanitosha.»

Kumbe, wenye akili hutumia siku nane. Si kwa sababu ya umbali. Wala si kwa sababu ya baridi, ingawa baridi ipo, tena kali. Ni kwa sababu ya hewa.

Hewa ina uzito. Sisi hatuusikii, kwa kuwa tumezaliwa ndani yake. Fikirini ghala iliyojaa mafungu ya pamba, moja juu ya jingine mpaka kwenye dari. Fungu la chini kabisa limelemewa na yote yaliyo juu yake: limebanwa, limekuwa gumu. Fungu la juu halilemewi na kitu, basi limelegea. Hewa nayo ni vivyo hivyo. Pwani ya bahari hewa yote ya juu huilemea ile ya chini, nayo hubanwa sana. Mtu akipanda mlima, huacha hewa nyingi chini yake, na hewa anayoikuta juu imelegea. Kule pwani akivuta pumzi, kifua chake hujaa hewa iliyoshindiliwa. Mlimani akivuta pumzi ile ile, kifua hupanuka vilevile, lakini hewa iliyoingia ni haba.

Katika kambi iliyo chini ya Everest, kwenye mita 5,364, nguvu ya hewa ni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Kileleni ni theluthi moja hivi.

Huenda mtu atasema: «Basi huko juu oksijeni imetoka katika hewa.» Sivyo. Pwani, katika kila vipimo 100 vya hewa, 21 hivi ni oksijeni. Kileleni mwa Everest pia ni 21. Hesabu ya sehemu haikubadilika. Hewa yenyewe ndiyo imepungua, na oksijeni imepungua pamoja nayo.

Jambo hili mgeni huliona kwa macho. Ananunua paketi ya biskuti mjini Kathmandu, ambao uko kwenye mita 1,400 hivi. Baada ya siku chache za kupanda, paketi haijafunguliwa, lakini imevimba kama mpira. Hewa iliyofungwa ndani inasukuma, na hewa ya nje haina tena nguvu ya kuizuia. Jikoni nako kuna ajabu. Pwani maji huchemka kwenye digrii 100. Karibu na kambi ile huchemka kwenye digrii 83 hivi. Yanatoa mvuke, yanaruka ndani ya sufuria, lakini hayana moto wa kutosha. Mpishi akiweka dengu katika sufuria wazi, atachoma kuni nyingi bure. Kwa hiyo wapishi wa huko hutumia sufuria yenye kifuniko kinachobana mvuke. Mvuke ukibanwa, moto wa maji hupanda na chakula huiva.

Na mwili wa mtu je? Damu ndiyo inayochukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika ubongo, katika moyo, katika misuli ya miguu. Oksijeni ikiwa haba, mwili haungoji amri. Saa ile ile pumzi huenda mbio na moyo hupiga upesi, hata mtu akiwa amekaa. Usiku usingizi huwa mbaya: aliyelala huvuta pumzi haraka haraka, kisha huacha kabisa kwa kitambo, kisha hushtuka akitafuta hewa. Baada ya siku kadhaa mwili huzoea kidogo. Baada ya majuma, damu huwa na chembe nyekundu nyingi zaidi za kubeba oksijeni. Lakini mambo hayo hayaendi mbio kwa kuwa mwenye mwili ni tajiri, au ni kijana, au amefanya mazoezi mengi. Kijana hodari hushikwa na ugonjwa wa mlima kama mzee, na mara nyingine upesi zaidi, kwa sababu nguvu za miguu yake humfikisha juu kabla damu yake haijawa tayari.

Sasa tufuate njia yenyewe.

Zamani wasafiri walikwenda kwa miguu toka bonde la Kathmandu. Mwaka 1953, Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay, Sherpa, walikuwa watu wa kwanza kufika juu ya Everest, tarehe 29 Mei. Msafara wao ulitembea zaidi ya majuma mawili mpaka kufika katika nchi ya Washerpa. Safari ilikuwa ndefu, lakini miili ilipata nafasi ya kuzoea. Mwaka 1964 Hillary na Washerpa walitengeneza uwanja wa ndege wa Lukla. Husimuliwa kwamba Washerpa walicheza ngoma juu ya udongo wake, mstari kwa mstari, ili kuushindilia kwa miguu. Tangu hapo mgeni hupanda ndege asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana yuko kwenye mita 2,860. Ndege imemfikisha, damu yake bado iko chini.

Ndiyo sababu siku ya kwanza njia haipandi. Inashuka mpaka Phakding, kwenye mita 2,610, na wageni hulala huko. Siku ya pili wanapanda mpaka Namche, mita 3,440. Mahali hapo ni karibu sawa na kilele cha Nyiragongo, mlima wa moto ulio karibu na Goma, ambao una mita 3,470. Siku ya tatu hawaendi mbele. Wanapanda kutembea, kisha wanarudi Namche kulala, maana wapandaji wana desturi hii: mchana panda juu, usiku lala chini.

Wengi siku hiyo hufika Khumjung, kwenye mita 3,790 hivi. Hapo pana shule iliyojengwa mwaka 1961 na Hillary pamoja na wenyeji. Wageni hukaa juu ya ukuta wa mawe, wakihema, na mbele yao watoto wa shule wanafukuza mpira kama watoto wa popote. Kwa nini hawa wanaweza? Wazee wa Washerpa walitoka Tibeti miaka mamia iliyopita, na Watibeti wamekaa katika nchi ya juu kwa maelfu ya miaka. Wataalamu wameipima damu yao. Damu ya mgeni anayekaa huko muda mrefu huwa nzito kwa wingi wa chembe nyekundu, na damu nzito huuchosha moyo. Damu ya Mtibeti au Msherpa haizidi hivyo. Mwili wake umerithi namna ya kutumia vizuri oksijeni kidogo. Jambo hilo mgeni hawezi kulinunua wala kujifunza.

Kisha njia inaendelea: Tengboche mita 3,860, Dingboche 4,410, siku nyingine ya kupumzika, Lobuche 4,940, Gorak Shep 5,164. Kijiji hicho cha mwisho kimepita kidogo Margherita, kilele cha juu cha Ruwenzori, chenye mita 5,109. Waganga wa milimani husema: ukipita mita 3,000, usipandishe kitanda chako zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Toeni hesabu wenyewe, mtaona ni wapi safari hii inaipita kanuni kidogo, na kwa nini baada ya Tengboche kuna mapumziko. Njiani viongozi husema mara kwa mara neno moja la Kinepali: «Bistari, bistari», maana yake, polepole.

Asiyesikia neno hilo, mwili wake humwambia. Kwanza kichwa kinauma. Chakula hakitamaniki. Mtu anatapika, anachoka, anaona kizunguzungu. Huo ndio ugonjwa wa mlima. Akibaki pale pale, bila kupanda tena, mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili. Akizidi kupanda, unaweza kugeuka kuwa ugonjwa wa kuua, na huo una namna mbili. Katika namna ya kwanza maji huingia mapafuni: mgonjwa anakohoa na kukosa pumzi hata akiwa amelala, na mwisho anatema povu lenye damu. Katika namna ya pili ubongo huvimba: mgonjwa anasema maneno yasiyo na maana na kupepesuka kama mlevi. Viongozi wana njia rahisi ya kumpima. Wanachora mstari chini na kumwambia autembee, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili. Akishindwa, hakuna kungoja asubuhi. Ashuke saa ile ile, hata usiku.

Kushuka ndiyo dawa. Vidonge vipo, chupa za oksijeni zipo, na upo pia mfuko mkubwa anamolazwa mgonjwa, kisha ukajazwa hewa kwa pampu mpaka hewa ya ndani ibanwe kama ya mahali pa chini. Hivyo vyote hununua saa chache tu. Katika kijiji cha Pheriche, juu ya mita 4,200, kuna zahanati ya chama kilichoanzishwa mwaka 1973 kwa kusudi la kuokoa watu milimani. Katika majira ya safari madaktari wake huwaita wageni kila alasiri kuwafundisha dalili za ugonjwa. Wengine huenda kusikiliza, wengine hubaki kunywa chai.

Lakini kuna watu wa njiani ambao wageni hawawatazami sana: wapagazi. Mpagazi wa Nepali hubeba mzigo wake ndani ya kapu kubwa, na kapu limeshikwa na mkanda unaopita juu ya kichwa karibu na paji la uso, kama vile wanawake wa milima ya Kivu wanavyobeba kuni. Mkononi ana fimbo fupi yenye kichwa cha mti uliolazwa. Akitaka kupumua, huisimamisha nyuma yake na kuweka kapu juu yake, bila kulitua chini. Tenzing mwenyewe alianza kwa kazi hiyo ya upagazi, mwaka 1935.

Watu wa mbali hudhani kila mpagazi ni Msherpa. Sivyo. Wengi wametoka katika vijiji vya mabonde ya chini, wakulima waliotafuta fedha baada ya mavuno. Damu yao ni kama ya wageni. Kichwa kinawauma kama wageni, mapafu yao huingia maji kama ya wageni. Tena wengi walipanda na viatu vya plastiki na nguo nyepesi. Mgeni akiugua husema mara moja. Mpagazi hunyamaza, maana akisema atarudishwa chini na kupoteza mshahara wake. Wengine wamekufa hivyo, kwa kunyamaza. Siku hizi vipo vyama vinavyowatetea, vikidai wapewe nguo za baridi, mahali pa kulala, na kushushwa pamoja na mwenzao wakiugua, si peke yao. Nyumba chache za kuwahifadhi zimejengwa. Mizigo mizito kupita kiasi bado inaonekana njiani.

Mgonjwa mwenye fedha leo huitiwa helikopta. Lakini helikopta haiendi penye mawingu mazito, na ugonjwa huu hupenda kuzidi usiku. Ndipo mpagazi mmoja hutoa mizigo katika kapu lake. Mgonjwa huketishwa ndani, miguu ikining'inia, na kufunikwa blanketi. Mpagazi hupitisha mkanda juu ya kichwa chake, huinuka, na kuanza kushuka. Mwenzake hutangulia na taa. Kila baada ya mita mia kadhaa hewa huwa nzito zaidi kidogo, na mara nyingi, kabla ya kufika kijiji cha chini, yule aliye ndani ya kapu huanza kuuliza yuko wapi.