Nukta ya Upande wa Pili wa Dunia: Kusoma Viwianishi Bila Kupotoka

Simu nyingi za kisasa hupokea mawimbi ya setilaiti na kumwonesha mtumiaji mahali alipo kwa namba mbili ziitwazo viwianishi. Aliyesimama katikati ya Dar es Salaam huona takribani 6.8 Kusini na 39.28 Mashariki. Baadhi ya programu huandika −6.8, 39.28 pasipo herufi yoyote, na hapo alama ndogo ya kutoa ndiyo inayobeba neno zima la “Kusini”. Mvuvi aliyeharibikiwa na injini nje kidogo ya bandari, akizisoma namba hizo kwa simu na kuiacha alama hiyo, huwa amemwelekeza mwokoaji nchi kavu, kusini mwa Ethiopia, umbali wa kilomita 1,500 hivi. Akitaja Magharibi badala ya Mashariki, anakuwa ameelekeza katika jimbo la Ceará nchini Brazil.

Njia moja ya kuzizoea namba hizi ni kutafuta nukta mkabala, yaani mahali ambapo mtu angetokea lau angechimba shimo lililonyooka hadi kwenye kitovu cha dunia na kuendelea mpaka upande wa pili. Latitudo hubaki na thamani yake, ila hugeuzwa upande: 6.8 Kusini huwa 6.8 Kaskazini. Longitudo hutolewa katika 180, kisha nayo hugeuzwa upande: 180 kutoa 39.28 ni 140.72, Magharibi. Hapo ni katikati ya Bahari ya Pasifiki, kusini-mashariki mwa visiwa vya Hawaii. Kosa la kawaida ni kugeuza herufi zote mbili na kusahau kutoa katika 180. Jibu lake, 39.28 Magharibi, huangukia Bahari ya Atlantiki. Basi kabla ya kuliamini jibu, jumlisha longitudo zote mbili: ni lazima zifike 180.

Nukta mkabala ya nchi kavu mara nyingi huwa baharini, lakini si daima. Honolulu, iliyo 21.3 Kaskazini na 157.86 Magharibi, hutazamana na Botswana. Kwa msikilizaji wa redio ya masafa mafupi jambo hili lina uzito wake, kwani kutoka Honolulu hadi nukta hiyo kila njia iliyonyooka juu ya uso wa dunia ina urefu wa kilomita 20,000 hivi, na mawimbi yanaweza kuwasili kutoka upande wowote.

Dunia ina pia viwianishi vya sumaku, vinavyopimwa kutoka katika ncha za uga wa sumaku badala ya ncha za mhimili wa mzunguko. Katika mfumo wa kawaida wa viwianishi hivyo, dunia huchukuliwa kana kwamba ina kipande kimoja cha sumaku kilichopita katika kitovu chake. Kwa kuwa kitovu ni kile kile, nukta mkabala haihami. Namba zake tu ndizo hubadilika. Sumaku halisi ya dunia haina unadhifu huo. Mahali ambapo sindano ya dira husimama wima upande wa kaskazini ni ndani ya Bahari ya Aktiki, na mahali pa namna hiyo upande wa kusini ni baharini karibu na pwani ya Antaktika. Sehemu hizo mbili hazitazamani: ukikokotoa mkabala wa ile ya kaskazini, utaikosa ile ya kusini kwa takribani kilomita 3,000.

Uko pia uhusiano wa namna nyingine, ambao haupaswi kuchanganywa na nukta mkabala. Mstari wa nguvu ya sumaku unaotoka ardhini katika ukanda wa Dar es Salaam hupinda juu ya ikweta ya sumaku, ambayo katika Afrika Mashariki hupita Ethiopia, kisha hushuka upande wa Rasi ya Arabia. Chembe zenye umeme katika anga la juu huinuliwa juu ya ikweta hiyo na kuteremka kwa kufuata mistari hii, zikirundikana pande zote mbili. Baada ya jua kuzama, hasa katika miaka ambayo jua limechangamka, tabaka hilo huvurugika, na kipimo cha mahali kwenye simu kinaweza kuyumba au kukatika kwa muda. Mtumiaji anayesafiri baharini usiku anashauriwa kuandika viwianishi vyake kabla ya magharibi, pamoja na saa alipovisoma.

Kuhusu ununuzi wa dira: sindano huinama kuufuata uga wa sumaku, hivyo watengenezaji huisawazisha kwa ukanda maalumu wa dunia. Dira iliyosawazishwa kwa Ulaya, ikitumiwa huku kwetu, ncha yake ya kusini huinama na inaweza kukwaruza kisanduku. Kabla ya kulipa, iweke mezani ikiwa imelala sawasawa, mbali na simu, spika na vifuniko vya simu vyenye sumaku, kisha uizungushe taratibu. Sindano inayogusa chini au kukwama irudishwe kwa muuzaji.