Waya mdogo, moto mkali: Jinsi mashine zinavyochukua kazi ya kuchoma vifaa vya maabara

Umepeleka mkojo maabara kwa kipimo cha kuotesha. Umepewa namba, umeambiwa urudi baada ya siku mbili. Nyuma ya ule mlango, mtaalamu anachukua kijiwaya chenye kitanzi mwishoni, anakichoma kwenye moto mpaka kiwe chekundu, anakiacha kipoe, ndipo anakichovya kwenye kichupa chako.

Kitanzi hicho kinabeba tone dogo mno: mikrolita 1, yaani sehemu moja ya elfu moja ya mililita. Tone linapakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na kuachwa usiku kucha kwenye joto kama la mwili. Kesho yake yanahesabiwa madoa yaliyoota.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kila doa ni sawa na bakteria 1,000 kwa mililita. Madoa 100 ni bakteria 100,000, kiwango ambacho kwa miaka mingi kimetumika kama dalili ya maambukizi ya njia ya mkojo, maarufu kama UTI.

Sasa fikiria kitanzi hakikuungua vizuri. Bakteria wa mgonjwa aliyekutangulia wanabaki kwenye waya na kuota kwenye sahani yako. Unaandikiwa antibiotiki ya ugonjwa usio wako.

Au fikiria kinyume chake. Kitanzi kimeungua vizuri, lakini mtaalamu ana haraka, hakusubiri kipoe. Akikichovya kikiwa cha moto, bakteria wako wanakufa palepale. Jibu linakuja safi, na wewe unarudi nyumbani unaumwa.

Ndiyo maana watu wanatafuta namna ya kuipa mashine kazi hii.

Kwa nini moto?

Kwa sababu kuna bakteria wagumu. Baadhi yao hujifunga kwenye ganda gumu, mfano wa mbegu, na hali hiyo huwawezesha kuvumilia hata maji yanayochemka. Kuwaua kwa mvuke kunahitaji mtambo wa presha wenye nyuzi joto 121 kwa dakika 15 hivi. Kwa oveni kavu, ni nyuzi 160 kwa saa mbili.

Huwezi kusubiri muda huo kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Waya ukiwa mwekundu kabisa umefika nyuzi 700 au zaidi, na hakuna kiumbe hai kinachobaki hapo. Ni kazi ya sekunde chache.

Mbinu hii ni ya zamani. Robert Koch, daktari wa Ujerumani aliyetangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, alitumia waya wa platini uliochomwa motoni. Koch huyohuyo alifika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, mwaka 1906 kutafiti ugonjwa wa malale. Leo maabara nyingi hutumia waya wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu, kwa kuwa platini ni ghali.

Hata mkulima wa migomba anaijua kanuni hii. Pale ugonjwa wa mnyauko unapoingia shambani, anashauriwa kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina lingine. Panga chafu hubeba ugonjwa, na waya mchafu ni vilevile.

Tatizo la kuchoma kwa mkono

La kwanza ni kuchoka. Kwenye maabara yenye kazi nyingi, mtu mmoja anaweza kurudia kitendo hiki mamia ya mara kwa siku. Mara ya kwanza anahesabu sekunde vizuri. Mara ya mia mbili, mkono unafanya na akili iko kwenye daladala ya kurudi nyumbani.

La pili ni kuruka kwa vitone. Ukiingiza kitanzi chenye majimaji moja kwa moja kwenye sehemu kali ya moto, majimaji yanachemka ghafla na kurusha vitone hewani kabla havijaungua. Kama ni makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu, vitone hivyo vinaweza kuingia kwenye mapafu ya anayefanya kazi. Ndiyo sababu wanafunzi hufundishwa kuanza pembeni ya moto, waya ukauke kwanza, kisha ndipo waingie katikati.

La tatu ni spiriti. Vibano na visu vidogo huchovywa kwenye spiriti na kupitishwa motoni ili spiriti iungue. Hapa ndipo ajali nyingi huanzia. Mtu anasahau kwamba kibano bado kinawaka, anakirudisha kwenye kikopo cha spiriti, na kikopo kizima kinashika moto. Mwali wa spiriti ni hafifu. Mchana au kwenye taa kali unaweza usiuone mpaka ukuunguze.

Tena, spiriti ikiungua haipashi chuma joto kama waya mwekundu. Wale bakteria wenye ganda gumu wanaweza kupona. Njia hii inapunguza vijidudu, lakini haitoi uhakika uleule.

Mashine zilizopo zinafanya nini?

Zipo za viwango tofauti.

Kichomeo chenye pedali au sensa. Hiki ni jiko dogo la gesi ambalo haliwaki muda wote. Unakanyaga pedali au unapitisha mkono mbele ya sensa, moto unawaka. Muda uliowekwa ukiisha, unazimika wenyewe. Gesi inaokolewa, na hakuna mwali unaosahaulika mezani. Lakini kuchoma bado unachoma wewe.

Tanuri dogo la umeme. Ni bomba la kauri linalopashwa hadi zaidi ya nyuzi 800. Unaingiza kitanzi ndani kwa sekunde 5 hadi 7, basi. Hakuna mwali, hakuna gesi, na vitone vikiruka vinabaki ndani ya bomba. Hili linafaa hata ndani ya kabati la usalama, lile lenye feni na chujio la kumlinda mfanyakazi. Moto wa wazi humo haushauriwi, kwa sababu unavuruga mkondo wa hewa na unaweza kuharibu chujio.

Kikopo cha shanga za kioo. Shanga ndogo hupashwa hadi nyuzi 250 hivi, na ncha ya kibano au kisu inazamishwa humo kwa sekunde kadhaa. Hutumika sana kwenye maabara za kuzalisha miche ya migomba kwenye chupa. Kule kisu kimoja kichafu kinaweza kuharibu chupa nyingi, kwa kuwa chakula cha mche kina sukari, na ukungu na bakteria wanaipenda kuliko mche wenyewe.

Roboti kamili. Hizi hufungua kichupa, huchukua sampuli na kuipaka kwenye sahani bila mkono wa mtu. Roboti iitwayo WASP, ya kampuni ya Copan ya Italia, hutumia vitanzi vya chuma vinavyotakaswa na kutumika tena. Kampuni ya bioMérieux ya Ufaransa ilichukua njia nyingine kwenye mashine yake ya PREVI Isola: kitana cha plastiki kinachotumika mara moja na kutupwa. Hapo hakuna haja ya kuchoma, ila taka zinaongezeka, na ukiishiwa vitana kazi inasimama.

Kuhesabu sekunde si kupima joto

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanaotaka kujitengenezea mashine hii hulikosea.

Siku hizi mwanafunzi wa chuo anaweza kununua bodi ndogo ya kompyuta kama Arduino, mota ndogo na valvu ya umeme, akaunda mkono unaopeleka waya motoni, unasubiri sekunde tano, kisha unaurudisha na kuwasha taa ya kijani. Ukiuona unafanya kazi, utapiga makofi.

Sasa zima moto, au acha upepo wa dirishani uuzime. Mkono utaenda vilevile, utasubiri sekunde tano kwenye hewa tupu, utarudi, na taa ya kijani itawaka. Waya ni mchafu, na mashine imekuhakikishia kuwa ni safi.

Hiyo ni hatari kuliko mtu aliyechoka. Mtu aliyechoka angalau anaona kwamba moto haupo. Mashine inayohesabu muda pekee haioni kitu.

Kwa hiyo mashine nzuri haiulizi tu “sekunde tano zimeisha?” Inauliza “waya umefika joto linalotakiwa?” Hilo hupimwa kwa sensa ya mwanga au ya joto inayoutazama waya wenyewe. Kama haukuwa mwekundu, taa ya kijani haiwaki, haijalishi muda umepita kiasi gani.

Mambo matano ya kuzingatia

Kama wewe ni mwanafunzi, fundi au mkuu wa maabara unayewaza kununua au kuunda mashine hii, angalia haya:

1. Umeme ukikatika, gesi ifunge yenyewe. Chagua valvu ambayo hali yake ya kawaida ni kufungwa, na inafunguka tu ikipata umeme.

2. Moto ukizimika, gesi ikatike. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Inatambaa chini sakafuni na kukusanyika, ikisubiri cheche moja tu.

3. Waya ukaushwe kwanza. Mashine ianze taratibu pembeni ya moto, isiingie katikati kwa ghafla na kurusha vitone.

4. Kupoa nako ni hatua ya kazi. Mashine isiruhusu waya kutumika kabla haujapoa. Na usiupulizie kwa mdomo ili upoe haraka. Pumzi yako ina vijidudu vyake.

5. Weka spiriti mbali. Mashine yenye mwali na kikopo cha spiriti visikae meza moja. Kama kazi yako ni ya vibano na visu, shanga za kioo au vifaa vilivyotakaswa mapema kwa mvuke ni salama zaidi.

Utajuaje kama mashine inafanya kazi kweli?

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji fedha nyingi. Chovya kitanzi kwenye bakteria wasio na madhara, kipitishe kwenye mashine, kisha kiguse kwenye sahani safi yenye chakula. Pembeni yake weka sahani ya pili iliyoguswa na kitanzi ambacho hakikuchomwa.

Ziache zote mbili usiku kucha kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37. Asubuhi ya pili iwe imejaa madoa, ya kwanza iwe tupu. Kama zote mbili ni tupu, usifurahi: huenda bakteria wako walikuwa wamekufa tangu mwanzo, na kipimo hakijathibitisha lolote.

Rudia mara nyingi, si mara moja. Na urudie kila wiki, si siku ya uzinduzi tu.

Je, kila maabara inahitaji roboti?

Hapana. Kituo cha afya chenye sampuli kumi kwa siku hakina haja ya roboti. Tanuri dogo la umeme, pamoja na kichomeo cha gesi cha akiba kwa siku ambazo umeme haupo, vinaweza kutosha. Hospitali kubwa yenye mamia ya sampuli kila siku ina hesabu tofauti.

Na hata roboti ikija, mtaalamu haondoki. Mtu bado anahitajika kuona kwamba kitanzi kimepinda na sasa hakibebi mikrolita 1 kamili, au kwamba wagonjwa watano mfululizo wameota bakteria yuleyule, jambo ambalo mara nyingi maana yake ni kifaa kichafu kuliko mlipuko wa ugonjwa.

Mashine inaweza kuuchoma waya mara elfu moja kwa namna ileile bila kuchoka. Kushtuka kwamba jibu la kipimo halifanani na mgonjwa aliyeketi pale nje ni kazi ya mtu. Kwa hiyo ukipewa jibu ambalo halilingani kabisa na unavyojisikia, mwambie daktari wako. Kuomba kipimo kirudiwe si usumbufu.