Tairi Kwanza, Springi Baadaye

Katika kisiwa cha Amu, yaani Lamu, gari halina kazi kubwa; vichochoro vya mji wa kale ni vya watu na punda. Habari ya pikapu inaanzia ng'ambo, Mokowe. Lami ya kwenda Witu na Garsen imerahisisha safari ya Mombasa, lakini ukiiacha na kuingia mashambani Hindi au Mpeketoni, au ukishika njia ya msitu wa Boni kuelekea Kiunga, unakutana na mchanga mkavu, na kwingine udongo mweusi ambao masika hunasa gari mpaka tumboni. Hapo ndipo mwenye pikapu anapokwenda gereji na kumwambia fundi, "Niinulie."

Fundi mzuri atamuuliza: nikuinulie nini? Ukiweka springi ndefu zaidi, kinachopanda ni chasisi na bodi. Ekseli ya nyuma na difu yake hazipandi hata kidogo, kwa kuwa urefu wake kutoka ardhini unatokana na tairi. Na difu ndiyo inayokwangua tuta la katikati ya njia yenye makorongo ya malori. Tairi kubwa ndilo linaloiinua difu. Kazi ya springi ni kulitafutia tairi hilo nafasi chini ya madigadi. Kwa hiyo chagua tairi kwanza.

Chukua Toyota Hilux yenye matairi ya 265/65R17. Upana ni milimita 265, ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 17. Kipenyo chake chote ni kama milimita 776. Ukipanda hadi 265/70R17 unapata 803; ukienda 285/70R17 unafika 831. Difu hupanda kwa nusu ya tofauti: milimita 13 kwa tairi la kwanza, 27 kwa la pili. Hilo la pili linavutia, lakini lina gharama zake. Spidomita ikisoma 80, gari linakwenda karibu 86. Gia zote zinakuwa nzito kwa asilimia 7, na utalisikia hilo ukiwa na shehena kwenye mchanga. Tena ni pana zaidi, kwa hiyo huanza kugusa madigadi na chasisi usukani unapokatwa.

Kwa Lamu mimi ningechukua 265/70R17, na kuinua gari milimita 40 tu. Mchangani kinachookoa gari ni kupunguza upepo. Tairi lililoshushwa kutoka psi 35 hadi karibu 18 hurefuka pale linapokanyaga, na uzito ukatandazwa. Pampu ndogo ya umeme ya kurudisha upepo ukifika lami itakufaa kuliko inchi mbili za chuma. Kwenye udongo mweusi, meno ya tairi ndiyo yenye kazi. Fikiria pia siku tairi litakapopasuka: saizi isiyopatikana ila Mombasa itakulaza njiani, na spea isiyoingia mahali pake chini ya gari itakula nafasi ya mzigo.

Kuna kipimo ambacho gereji nyingi hukiruka. Gari huangaliwa likiwa limesimama sakafuni, tairi haligusi kitu, kazi ikahesabiwa imekwisha. Lakini springi ndefu haibadilishi mwisho wa safari ya gurudumu kwenda juu. Ukitumbukia shimoni, gurudumu litapanda mpaka kwenye mpira wake wa kizuizi, palepale lilipokuwa likifika zamani, na sasa limebeba tairi kubwa. Basi pandisha gurudumu moja la mbele juu ya rampu mpaka springi ibonyee kabisa, kisha mtu azungushe usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Likigusa hapo, litagusa na njiani, na litachanika.

Mbele, Hilux inayovuta kwa magurudumu yote ina ekseli mbili fupi zinazotoka kwenye difu, na viungo vyake vimefunikwa kwa mipira iliyojaa grisi. Milimita 40 hadi 50 huvumiliwa. Zaidi ya hapo ekseli hulala kwa mteremko mkali, mipira huchanika, na mchanga ukiingia kiungo kimekufa. Usukani nao hupoteza ile tabia ya kurudi wenyewe katikati. Alaimenti baada ya kuinua ni lazima.

Nyuma, springi za majani zichaguliwe kwa uzito unaobeba kila siku. Mwenye kubeba saruji na mwenye kubeba abiria wawili hawawezi kushiriki springi moja. Vipande vya chuma kati ya ekseli na springi ni rahisi, lakini sivipendi: ekseli hupata nafasi ya kujisokota kila unapokanyaga mafuta. Hilux nyingi za zamani zina valvu ya breki za nyuma yenye mkono uliofungwa kwenye ekseli. Valvu hiyo hupima mzigo kwa jinsi bodi ilivyoshuka. Bodi ikiinuliwa, yenyewe hudhani gari ni tupu siku zote na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata ukiwa umejaza. Mkono huo lazima urekebishwe. Hili ndilo ningemkazania fundi kuliko yote.

Na mafuriko? Mwishoni mwa 2023 maji yaliikata barabara ya Garsen pale Lango la Simba. Maji yanayokwenda kasi huisukuma bodi, na gari lililoinuliwa huyumba upesi zaidi, kwa hiyo subiri yapungue. Kwa madimbwi yaliyotulia, refusha vipumulio vya difu kwa mipira mpaka juu ya injini, maana difu ya moto ikizama ghafla hufyonza maji.

Hewa ya bahari hula nati haraka, kwa hiyo nati mpya zipakwe grisi kabla ya kufungwa, na baada ya safari ya kwanza ya njia mbaya zikazwe tena zote. Taa za mbele nazo zishushwe siku ileile gari linapoinuliwa, zisiwapofushe wanaokuja mbele yako.