OTP ya Wateja Wako Inatoka Wapi?

Una duka la mtandaoni. Mteja akitaka kuingia kwenye akaunti yake, anatumiwa SMS yenye OTP ya tarakimu 6. Je, unajua hiyo nambari imetoka wapi?

Tovuti nyingi hutumia JavaScript, na humo kuna njia rahisi ya kupata nambari za kubahatisha: Math.random(). Inakupa nambari kuanzia 0 hadi karibu na 1, ila 1 yenyewe haifiki. Kwa mchezo wa dadu, hiyo iko sawa kabisa.

Kwa OTP, hapana. Math.random() haibahatishi kikweli. Inafuata hesabu maalum, na kila nambari inategemea hesabu iliyotangulia. Tapeli akipata nambari chache zilizokwisha kutoka, anaweza kupiga hesabu na kujua zinazofuata. Hapo hahitaji hata kushika simu ya mteja wako.

Suluhisho lipo, na ni bure. OTP itengenezwe kwenye seva. Kama ni Node.js, tumia crypto.randomInt(0, 1000000), kisha ongeza sufuri mbele pale tarakimu hazijafika 6.

Pia weka kikomo cha kujaribu. Tarakimu 6 ni nambari 1,000,000 tu, na kompyuta haichoki kukisia. OTP ikikosewa mara 3, ifutwe.

Leo hii muulize anayekutengenezea tovuti: "OTP zetu zinatoka wapi?" Akikujibu Math.random(), mwambie abadilishe kabla pesa za mtu hazijapotea.